Samaki mwenye majina matatu

Kabla sijaanza shule nilikuwa namjua samaki mmoja kwa majina matatu. Mama, Muganda wa Luzira, alimwita mputa. Mabaharia wa Kisumu waliokuja kula bandani kwake walimwita mbuta, na wa Mwanza wakamwita sangara. Mama hakubishana na mtu. Aliyeagiza kwa jina lolote alipata kipande chake na ugali. Mukene nao walikuwa omena kwa hawa, dagaa kwa wale. Ndivyo ilivyokuwa bandari yetu ya Port Bell, Kampala, miaka ya themanini, na nayakumbuka majina hayo kuliko meli zenyewe.

Najua kwetu si pwani. Lakini Kiganda hakitenganishi ziwa na bahari, yote ni nnyanja, nasi tulikua tukijiona watu wa bandari kama wa Mombasa. Mji ulipewa jina la Hesketh Bell, aliyeitawala Uganda kwa niaba ya Waingereza kuanzia 1906 hadi 1909. Siku hizo mzigo wa kuja Kampala ulishushwa kwenye treni Kisumu, ukavushwa Ziwa Victoria kwa meli. Mwaka 1931 reli ya Mombasa ikafika Kampala kwa nchi kavu, na bandari ikapoteza sehemu kubwa ya kazi yake. Babu alizoea kutusimulia ndege zilizotua majini mwishoni mwa miaka ya thelathini, zikipasua maji kama bata. Kiwanda cha bia kilianzishwa jirani mwaka 1946, na jina la Bell likapanda kwenye chupa. Waganda wengi wanalijua kwa bia, ilhali bandari yenyewe hawajawahi kuiona.

Baba alikuwa mfunga kamba gatini. Uganda ilikuwa na meli tatu za kubeba mabehewa, Kabalega, Pamba na Kaawa, na Tanzania ilikuwa na Umoja. Meli ilikuja kinyumenyume, tezi likielekea gati. Daraja la chuma likateremshwa, reli za nchi kavu zikakutana na reli zilizomo ndani ya meli, kisha kichwa cha treni kikaanza kuyavuta mabehewa. Hapo ndipo watu walipoacha mzaha. Ukitoa ya upande mmoja tu, meli inalala. Kwa hiyo walitoa kwa zamu, huku kidogo na huku kidogo, na amri zote zilikuwa za Kiswahili: legeza, kaza, taratibu, simama.

Kwingine Kampala Kiswahili kiliogopwa. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na wengi walikisikia kwanza kutoka kwa mtu mwenye bunduki. Shangazi alipotukuta tunakizungumza mchezoni alituambia tuache lugha ya askari na wezi. Baba alimjibu kwa upole, “Dada, hii ndiyo inayotulisha.” Sijasikia utetezi wa Kiswahili unaoupita huo.

Miaka ya tisini likaja gugu maji. Ulilala ukiacha maji, ukaamka ukakuta shamba la kijani limesukumwa na upepo hadi gatini, mitumbwi imenaswa kama nzi. Serikali iliachia fukusi wa kulitafuna, na mwishoni mwa muongo huo likapungua. Katikati ya shida hiyo, tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na mamia ya watu wakafa. Baharia mmoja wa Mwanza alikaa kwa Mama tangu asubuhi, sahani mbele yake. Mama hakuiondoa, wala hakumdai.

Mei 2005 Kabalega na Kaawa ziligongana ziwani, Kabalega ikazama. Safari zikasimama, na maji nayo yakashuka mwaka huo na uliofuata mpaka ufuko ukaonekana umekonda. Baba alistaafu. Mama alifunga banda kwa kukosa walaji. Mwaka huohuo wa 2005 Katiba yetu ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Bandarini tulikuwa tumeishiwa watu wa kuzungumza nao.

Umoja ilirudi kutoka Mwanza mwaka 2018. Miaka miwili baadaye, Mei 2020, ziwa lilipanda likapita hata kipimo cha 1964, na maji yakaingia mpaka bandarini. Yalipopungua nilimpeleka Mama gatini pamoja na binti yangu, anayejifunza Kiswahili shuleni kwa kitabu. Mtoto alimsogelea baharia mmoja, akanyoosha mgongo kana kwamba yuko mbele ya mwalimu: “Shikamoo mjomba. Meli hii imetoka wapi?”

“Marahaba, mwanangu. Mwanza.”

Mama alikuwa nyuma yetu, ameshikilia fimbo yake. Akamtazama yule kijana toka kichwani hadi miguuni, kisha akamuuliza kwa Kiswahili chake cha gatini kama amekula.