Hesabu ya Sanduku Ndani ya Simu

Mwaka huu siku ya kugawa akiba hatukuweza kukutana. Wengine tuko Kadutu, wengine Bagira, wengine walihamia mbali na Bukavu. Basi tulipiga hesabu katika kikundi chetu cha WhatsApp, pamoja na mwalimu anayetusindikiza.

Tuko 24. Sanduku lilikuwa na franka 2.640.000. Hisa zote zilikuwa 1.200, na kila moja tuliinunua franka 2.000. Mama mmoja akaandika: «Tugawe kwa 24, kila mtu 110.000, yaishe.» Wengi tukaitika. Lakini mwenzetu mmoja alikuwa na hisa 100, maana yake aliweka 200.000. Angepoteza 90.000 za jasho lake. Maneno yakawa makali, na wawili wakasema watatoka.

Mwalimu alijua jibu, lakini hakulitoa. Aliuliza tu: «Hisa moja ikitoka sandukuni, inatoka na ngapi?» Kisha akangoja.

Kesho yake asubuhi, muuza unga mmoja akatuma sauti: «Tukichanga unga, mimi makopo kumi, wewe mawili, tukapika bugali tukauza, tutagawa sawa?» Hapo tukaona. Mwingine akagawa 2.640.000 kwa 1.200, akapata 2.200. Mwenye hisa 100 akapewa 220.000; mwenye hisa 20 akapewa 44.000. Hakuna aliyenung'unika, na wale wawili wapo nasi mpaka leo.

Lakini tukiri kosa letu. Huyo muuza unga tulikuwa tumemcheka wiki moja kabla, kwa sababu ya maandishi yake. Akanyamaza. Sisi tukadhani hana la kusema. Jirani yake ndiye aliyekwenda kwake, akaketi naye jikoni, akamwonyesha namna ya kutuma sauti. Bila jirani huyo, tungegawa vibaya na kikundi kingevunjika.

Tangu hapo tuna desturi tatu. Mwalimu anauliza kwanza, hajibu haraka. Aliyeelewa anawaeleza wenzake kwa sauti, kwa mifano ya soko na jiko. Na mama akinyamaza siku tatu, mmoja wetu anabisha mlangoni kwake, au anampigia akiwa mbali.

Katika kikundi chenu, nani amenyamaza wiki hii? Mwendeeni.