Bolti Iliyokatika

Likizo iliyopita nilimsaidia mjomba kufungua injini ya mashine yake ya kusaga, hapa Ndanda. Bolti moja inayoshika ekzosi kwenye silinda hedi ilikuwa imeliwa na kutu. Fundi alinionya nisiilazimishe. Alipokwenda kula, nilirefusha mpini wa spana kwa bomba, nikavuta. Ikakatika.

Akina mama walikuwa wakingoja na makopa yao. Mjomba akauliza, "Nani amefanya haya?" Ulimi ulikuwa mzito, lakini nikajibu, "Ni mimi, mjomba. Nisamehe."

Fundi hakunigombeza. Alitia mafuta ya taa penye kutu, tukaiacha hadi asubuhi. Akayafuta yote, akavisha nati kwenye kipande kilichochomoza, akaichomelea. Moto hutanua chuma, nacho kikipoa husinyaa. Ndipo kutu huachia. Kisha akanipa spana mimi. "Mbele kidogo, nyuma kidogo," alisema. Nikafanya hivyo mpaka kipande kikatoka.

Mjomba alinunua bolti mpya Masasi, na jioni makopa yakasagwa. Wenzangu, nguvu bila subira huvunja. Bali kosa likikiriwa mapema hutengenezeka.