Kichanja cha Muhogo, Kasaji

Kolwezi, mji wa machimbo nchini Kongo, nilikaa kwa sababu ya Bon Pasteur, shirika lililoanzishwa mwaka 2012 na masista wa Mchungaji Mwema wakiongozwa na Sista Catherine Mutindi, Mkenya. Walitambua kwamba mtoto akitolewa machimboni na mama yake akabaki bila kipato, kesho atarudi kuosha mawe. Ndiyo maana shule, kilimo na ujuzi wa akina mama vinakwenda pamoja. Mwaka 2019 Sista Mutindi alipewa tuzo ya Opus, dola milioni 1.

Kasaji, mbele ya Mutshatsha katika njia ya Dilolo, nilikuta wazo dogo zaidi, nalo lilinigusa kuliko yote. Akina mama wanaouza unga wa bukari, yaani ugali, huanika muhogo chini, juu ya maturubai. Vumbi linaingia, mbuzi wanapita. Mmoja wao alijenga kichanja cha fito kinachofika kiunoni, akatandaza juu yake chandarua kilichochakaa. Nilivunja kipande: kikavu hadi ndani, cheupe, bila chembe ya mchanga. Wakaliomba shirika linalowasaidia fedha za misumari na nyavu.

"Ile karatashi yabo haina na fasi ya kichanja, baba," mwenyekiti wa kikundi chao aliniambia, akimaanisha fomu ya shirika.

Fasi ya semina ilikuwapo, na hilo liliniuma. Nilikumbuka Morogoro, Tanzania, ambako wazo la ajabu lilipewa muda. Bart Weetjens, Mbelgiji aliyefuga panya utotoni, alianzisha APOPO mwaka 1997 akiamini panya buku wanaweza kunusa mabomu ya ardhini. Mwaka 2000 kazi ilihamia Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Kumfundisha panya mmoja huchukua takribani miezi 9; mfadhili anayedai matokeo kila miezi 3 angeifunga kazi ile mapema. Waliovumilia waliwaona panya wakisafisha mashamba ya Msumbiji, kisha wakinusa kifua kikuu, sampuli 100 kwa dakika 20.

Kila shirika litenge fungu dogo la bajeti lisilo na kichwa, wanakikundi ndio waamue matumizi yake, na lisidaiwe ripoti kabla ya msimu kwisha. Nalisema hili kwa dhati, kwa sababu waliobuni kichanja wanaujua muhogo kuliko aliyeandika mradi.

Kasaji hawakungoja. Fedha za likelemba, mchango wanaopokezana kwa zamu, zamu ya kwanza, zimenunua misumari. Wa zamu ya pili anataka chake kiwe na ngazi mbili, ya chini ikaushie sombe, majani ya muhogo.