Subira Si Kunyamaza

Jioni ile tuliporejea kutoka mahakamani, hapana miongoni mwetu aliyekuwa na neno la kumwambia mama. Ndugu yetu alichukuliwa njiani, na majuma matano yalikuwa yamepita pasipo kushtakiwa. Tulikuwa tumepeleka ombi la habeas corpus, yaani kuiomba mahakama imwamuru anayemzuilia mtu amlete mbele ya jaji na abainishe amemshika kwa sheria ipi. Jaji alilikataa, akisema ushahidi kwamba yumo mikononi mwa wenye mamlaka hautoshi. Mama alivuta tasbihi yake, akasema, "Basi, wanangu. Mungu ameshaandika. Tusubiri."

Nasi tukanyamaza, tukidhani hiyo ndiyo subira. Siku ya kumi na moja wakili wetu akatuzindua. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeiweka habeas corpus miongoni mwa haki zisizoweza kupunguzwa, na aliyekataliwa na Mahakama Kuu anaweza kwenda Mahakama ya Rufaa. Lakini notisi ya rufaa huwasilishwa ndani ya siku 14. Zilikuwa zimetubakia tatu.

Alipoona tumekata tamaa, akatusimulia habari za Lakhdar Boumediene, Mwaljeria aliyekamatwa Bosnia mwaka 2001 na kupelekwa Guantanamo. Januari 2005, Jaji Richard Leon wa Marekani alilitupa ombi lake, akisema haoni msingi wa sheria wa kutoa amri hiyo. Mawakili wake wakakata rufaa. Februari 2007 wakashindwa tena. Hawakuacha. Tarehe 12 Juni 2008 Mahakama ya Juu, kwa kura tano dhidi ya nne, ikaamua kwamba wafungwa wa Guantanamo wana haki ya habeas corpus. Kesi ikarejea kwa jaji yuleyule wa mwanzo. Safari hii aliusikiliza ushahidi, na Novemba mwaka huo akaamuru watu watano kati ya sita waachiwe, Boumediene akiwemo. Mei 2009 alikuwa huru, nchini Ufaransa.

Usiku ule tulimsimulia mama kisa hicho. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Hata Nabii Yusuf, alipoitwa na mfalme atoke gerezani, alitaka kwanza jambo lake lichunguzwe. Mpigieni wakili."

Notisi yetu iliwasilishwa siku ya kumi na tatu. Rufaa haijasikilizwa bado, na ndugu yetu hajarudi. Tumeandika haya kwa ajili ya nyumba nyingine ambayo leo imeambiwa "hapana": jaji ni mwanadamu, na sheria yenyewe inakiri kwamba anaweza kukosea, ndiyo maana ikaweka rufaa. Hesabuni siku zenu. Kisha mwombeni Mola, nasi mtuombee.