Runinga Haingoji "Pakawa"



Juzi, baada ya sala ya Isha, mama yangu, ambaye macho yake yamefifia, aliketi kitandani akaita, "Paukwa!" Mwanangu hakuitika. Alikuwa akiangua kicheko mbele ya runinga, akitazama Tinga Tinga Tales: katuni zilizotengenezwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa mwaka 2010, zikisimulia kwa mzaha ngano za wanyama kwa michoro ya mtindo wa Edward Saidi Tingatinga wa Tanzania.

Nilinyosha mkono nizime. Mama akanizuia. "Mwache. Mjukuu wangu, hebu nambie, wacheka nini?"

Mtoto akamweleza jinsi gamba la kobe lilivyopata nyufa. Mama akatabasamu. "Kobe huyo namjua. Nilihadithiwa na bibi yangu kwa mwanga wa kandili, lakini wangu alikuwa na hila zaidi." Mtoto akazima runinga ili asikie hila hizo.

Katuni husimulia vizuri, ila haingoji mtoto aitikie. Basi tusiwanyime wana wetu kicheko. Tuwaulize wamecheka nini, maadamu wazee wangalipo wa kuwajibu.