Bunduki ya Kugo

Nyumbani kwetu Bomet, upande unaopakana na Sotik, kulikuwa na vitu viwili ambavyo mtoto hakuruhusiwa kugusa: kibuyu cha mursik cha Kogo, na bunduki ya Kugo. Kibuyu kilikaa jikoni. Bunduki ilikaa kwenye sanduku la chuma lenye kufuli mbili, na ilitolewa mara moja moja kupakwa mafuta.

Hadithi yake tuliijua sote. Mwaka 1905 serikali ya kikoloni ilituma askari Sotik kuwaadhibu Wakipsigis. Watu waliuawa na mifugo ikaswagwa. Babu wa baba yangu, tuliambiwa, alimvizia askari mmoja mtoni akamnyang'anya silaha. Baba aliisimulia hiyo hadithi harusini na matangani, na hata mbele ya chifu.

Mwaka jana macho ya Baba yalianza kumsumbua. Cheti cha silaha ni cha mtu, si cha boma. Huwezi kumwachia mwanao bunduki kama unavyomwachia shamba la majani chai. Ilibidi tuamue: niombe cheti kwa jina langu, tuiuze kwa mwenye kibali, au tuirudishe polisi. Baba akasema kwanza tujue thamani yake, na ikiwezekana itengenezwe ing'ae.

Tulimpelekea fundi mwenye leseni, Nairobi. Alivuta chini ule mkono ulio nyuma ya kifyatulio, kipande cha chuma kikashuka, akamulika tochi ndani ya mtutu. Risasi ni moja tu. Ukishapiga, unavuta tena, unaweka nyingine. Upande wa kulia kulikuwa na taji, herufi V.R., neno Enfield na mwaka 1887. Upande wa kushoto: M.E., .303, 1898.

"Hii ni Martini," akasema. "Jeshi la Uingereza lilianza kuitumia 1871. Ilizaliwa na risasi nene ya zamani, halafu wakaibadilisha mtutu iweze kula .303. Ndiyo maana ina miaka miwili."

Baba akanitazama kwa ushindi. 1898 ni kabla ya 1905.

"Ikiwa ilitekwa vitani, mko na karatasi?" fundi akauliza. "Mnunuzi halipii hadithi, mzee. Analipia maandishi." Akaeleza pia kwamba tusiipige msasa wala kuipaka rangi mpya, kwa sababu wanaokusanya silaha za zamani hutaka ile rangi ya uzee. Kutu isuguliwe taratibu kwa mafuta na kitambaa. Kitako kilikuwa kimepasuka shingoni, na Kugo alikuwa amekifunga kwa ngozi ya ng'ombe ikakaukia hapo. Hiyo ngozi, fundi alisema, itolewe, mbao iunganishwe vizuri. Bei aliyotaja haikufika ng'ombe wawili wa maziwa.

Karatasi nilizitafuta mimi, kwenye mkebe wa majani chai wa Kogo. Nilipata cheti cha kwanza cha Kugo, cha mwaka 1963. Palipoandikwa silaha imetoka kwa nani, palikuwa na jina la mzungu aliyekuwa na shamba karibu na kwetu.

Nilimpelekea Baba kule nje alikokuwa ameketi. Hakuhitaji miwani.

"Nilikuwa na miaka kumi na tatu," akasema. "Huyo mzungu alikuwa anauza kila kitu arudi kwao. Kugo alikuwa amemfanyia kazi miaka kumi na saba. Siku ya mwisho alimwambia pesa hakuna, chukua hii, nitakusaidia na cheti. Mama alikuwa anangoja ng'ombe. Akamwona anashuka na hiyo chuma begani."

"Na ile ya mtoni?"

"Mzee aliianza mwenyewe, akiwa amekunywa kidogo. Wewe ungemwambia anyamaze?"

Sikujibu. Watu walikufa Sotik kweli, na sisi tuliazima kifo chao kufunika deni la mshahara. Lakini nilijiuliza pia ningesema nini, kama mimi ndiye niliyerudi nyumbani bila ng'ombe.

Nimeomba cheti, bado nangoja jibu. Kutu imetolewa kwa mafuta. Fundi alipouliza tena kuhusu kitako, Baba alikataa. "Ngozi iache. Hapo ndipo mkono wake ulipo."

Desemba watoto walipokuja kutoka mjini, binti yangu alimwomba Baba asimulie ile hadithi ya askari na mto. Baba alinyamaza, akanitazama, akasogeza kiti.

"Kugo wangu, hiyo tuiache," akaanza. "Nitakuambia ya baba yangu. Alifanya kazi kwa mtu miaka kumi na saba."