Gitaa nayo ni mila

Tukianza kuzungumza juu ya mila, watu wanataja ngoma, adungu ya Waalur wa Mahagi, na nyimbo za Wambuti wa Mambasa, zile ambazo sauti moja inaanza na nyingine zinajibu. Ni vizuri. Lakini ukitaja gitaa ya umeme, wazee wanakunja uso. Wanasema: ile ni mambo ya wahuni, ilitoka kwa wazungu, na mwacha mila ni mtumwa. Mimi nafundisha sekondari hapa Bunia, na maneno hayo nayasikia pia kwa wazazi, mtoto wao akiomba ruhusa ya kwenda kufanya mazoezi ya muziki na wenzake. Ndiyo maana nataka tukumbuke miaka ya kwanza ya orkesta moja ambayo jina lake kila mtu analijua: Zaïko Langa Langa.

Zaïko ilizaliwa Kinshasa tarehe 24 Desemba 1969. Ule wakati wakubwa wa muziki walikuwa Franco na OK Jazz yake, pamoja na Tabu Ley, yule tuliyemwita Rochereau. Orkesta za wakubwa zilikuwa na saksofoni na tarumbeta. Hawa vijana wakaacha vyombo vya kupuliza. Wakaweka mbele gitaa, batri, na waimbaji wengi wanaoimba kwa pamoja. Masikio yao yalikuwa yameshajaa rock na soul ya Marekani. Kijana mmoja kati yao, Shungu Wembadio, aliitwa Jules Presley, kwa kufuata jina la Elvis. Ndiye tuliyemjua baadaye kama Papa Wemba. Basi fikiri mwenyewe: watoto wa mji, kelele ya gitaa, na jina la Presley! Mzazi gani angesema hapo kuna mila?

Lakini tuangalie jina walilochagua. Zaïko ni ufupisho wa "Zaïre ya bankoko", maana yake Zaire ya mababu. Na tusichanganye: mwaka wa 1969 nchi ilikuwa bado inaitwa Kongo. Ilipewa jina la Zaire tarehe 27 Oktoba 1971. Kwa hiyo vijana hawakufuata amri ya serikali. Walichukua jina la zamani la mto, wakaliunganisha na mababu. Sisi wa Bunia hatuhitaji mkalimani hapa, sababu tuna mtaa mzima unaoitwa Bankoko.

Kuna jambo lingine ambalo kwangu ni kubwa zaidi. Mama ya Papa Wemba alikuwa mwombolezaji: aliitwa kwenye vilio ili aimbe na kulilia marehemu. Mtoto alimfuata, akajifunza kuimba pale pale, kati ya watu wenye huzuni. Baba yake hakutaka awe mwanamuziki. Sasa, ile sauti nyembamba inayopanda juu ya gitaa, tuliyoipenda miaka mingi, ilitoka wapi? Haikutoka kwa Presley. Ilitoka kwenye matanga. Gitaa ilikuwa chombo kipya tu cha kubeba kilio cha zamani.

Na hapa hatuko mbali na watu weusi wa Marekani. Bluzi yao ilizaliwa kwa watoto na wajukuu wa watumwa, na wengi kati ya watumwa hao walichukuliwa kutoka pwani ya Kongo na Angola. Mnamo Septemba 1974, kabla ya pigano la Ali na Foreman, B.B. King mwenyewe alikuja na gitaa yake Kinshasa, akapiga bluzi kwenye uwanja wa Mei 20. Kumbe muziki ambao wazee wanauita wa kigeni ulikuwa na damu ya hapa hapa.

Mwishoni mwa mwaka ule ule wa 1974, Papa Wemba na wenzake kadhaa waliiacha Zaïko, wakaanzisha kundi lao. Waliliita Isifi Lokole. Lokole ni ile ngoma ya mti uliotobolewa, ambayo mababu walitumia kupeleka habari toka kijiji hadi kijiji. Unaona? Hata wakigombana, hata wakitengana, walirudi kuchota kwenye kisima kile kile.

Tarehe 14 Desemba 2021, UNESCO iliandika rumba ya Kongo kwenye orodha ya urithi wa binadamu wote. Leo kila mtu anajivuna. Lakini rumba haikufika pale kwa kufungiwa ndani ya sanduku. Ilifika sababu kila kizazi kiliichukua, kikaigeuza, na wakubwa wakalalamika.

Kwetu Ituri jambo hili si la kucheza. Katika vita vya 1999 hadi 2003, vijana wengi walipewa silaha, kila mmoja akafundishwa kumuogopa jirani yake. Hata baadaye risasi hazikunyamaza kabisa, na familia nyingi zimekimbilia mjini na kwenye kambi. Vijana wakikaa katika lupango moja, Muhema, Mulendu, Mualur, Munande, wakitafuta sauti inayoenda pamoja, wanafanya kazi ambayo sisi wakubwa inatushinda. Huwezi kuimba na mtu kama humsikilizi. Asiyemsikiliza mwenzake anatoka nje ya wimbo, na kila mtu anajua.

Kwa hiyo sisemi tuache ngoma tufuate gitaa. Nasema viwekwe karibu. Mwenye adungu amwite kijana mwenye gitaa, amuonyeshe namna vidole vinavyotembea. Bibi anayejua nyimbo za kilio aziimbe mbele ya wajukuu kabla hajaondoka nazo. Na mzazi ambaye mtoto wake anaomba ruhusa ya mazoezi, aulize kwanza anafanya na nani, wapi, na atarudi saa ngapi. Akishajibiwa vizuri, amwache aende. Pengine anaenda kuwatafuta mababu.